Ufuko wa Euclid Beach Unarudi kwa Umma, Sakafu Yake Nayo Irudi

Lango la Euclid Beach bado limesimama. Ukiendesha gari kuelekea mashariki mwa Cleveland, jimbo la Ohio, kwa barabara ya Lake Shore Boulevard, utaliona upande wako wa kushoto, upande wa ziwa: tao moja lenye jina la bustani kwa herufi kubwa, bila ukuta wala uzio. Nyuma yake hakuna tena farasi wa kuzunguka, hakuna rola kosta, hakuna harufu ya bisi. Kuna maghorofa wanamokaa wazee, miti mikubwa, ufuko mwembamba, na Ziwa Erie. Bustani ile ya burudani ilifunguliwa mwaka 1895 na kufungwa tarehe 28 Septemba 1969. Miaka minne baada ya kufungwa, jiji lililiandikisha lango lake kuwa urithi.

Ninaandika juu ya ukumbi mmoja uliokuwa ndani ya lango hilo, ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na juu ya kipande cha ardhi kilicho jirani na pale ambacho sasa kinarudishwa kwa umma. Nina maoni juu ya vyote viwili.

Mimi nimezaliwa Mwanza na kukulia Kirumba, kwa hiyo ziwa lisiloonekana ng'ambo si jambo geni kwangu. Hapa Cleveland kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya jioni. Chakula kikishaliwa na dawa zikishanywewa, mtu hupata nafasi ya kusikiliza. Mzee yeyote aliyekulia jiji hili, hata yule anayechanganya majina ya watoto wake, ukimtajia Euclid Beach atakaa vizuri kitini na kuanza kusimulia.

Bibi mmoja, mtoto wa wahamiaji kutoka Slovenia kama walivyokuwa wengi wa mtaa wa Collinwood, hunieleza juu ya ukumbi ule kana kwamba ametoka huko jana. Hunieleza sauti ya kinanda, mbao zilizong'aa, taa zilizopunguzwa mwanga ilipotangazwa zamu ya wawili wawili, na kijana aliyemnyooshea mkono, akaja kuwa mumewe kwa zaidi ya miaka 50. Katika nyumba hiyohiyo, chumba cha pili ukutani, yuko mzee mmoja mweusi wa umri ule ule. Naye aliipenda Euclid Beach. Alipanda ile rola kosta iliyoitwa Thriller, alikula bisi, alinunuliwa peremende na mama yake. Ukimuuliza juu ya ukumbi wa kuteleza hujibu kwa ufupi kwamba watu wa kwao hawakuwa wakiingia kule, kisha huuliza kama chai iko tayari.

Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili ni wazee wangu. Linaloniuma ni kwamba jiji limetunza kwa bidii kumbukumbu ya yule bibi, na kumbukumbu ya yule mzee limeiacha vitabuni.

Nianze na ukumbi wenyewe, maana wengi wa wasomaji wetu hawajawahi kuuona mchezo huu kwa macho. Mwaka 1863 James Plimpton wa New York alipata hataza ya kiatu chenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, kilichomwezesha mtu kukata kona kwa kuegemea tu upande mmoja. Kabla yake viatu vya magurudumu vilikwenda mbele tu, na aliyetaka kugeuka ilibidi aburute mguu au aanguke. Mwaka 1884 Levant Richardson akapata hataza ya kuweka beringi za chuma kwenye magurudumu hayo, na mchezo uliokuwa wa kusukumana kwa nguvu ukawa wa kutiririka. Kilichobaki kilikuwa sakafu. Kumbi nzuri zilitandikwa mbao nyembamba za maple, mti mgumu usiomenyeka upesi, na mafundi waliobobea walizipinda mbao hizo kwenye kona zifuate mwendo wa watelezaji, ili gurudumu lisikate mbao kwa upana wake. Watu huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Wenye mwendo wa pole hukaa pembeni, wanaojua hukaa ndani. Mtangazaji hutoa amri: sasa wote, sasa wanawake peke yao, sasa kinyumenyume, sasa wawili wawili.

Ukumbi wa Euclid Beach ulikuwa mikononi mwa familia ya Humphrey, na historia ya familia hiyo inastahili kusimuliwa. Walikuwa wakulima waliofilisika, wakaja Cleveland na kuanza kuuza bisi. Waliwahi kuwa na kibanda cha bisi ndani ya Euclid Beach, wakaondoka kwa kuchukizwa na ulevi na utapeli uliokuwa umetawala pale. Mwaka 1901 wakaichukua bustani nzima. Chini ya Dudley Humphrey pombe ikapigwa marufuku, kiingilio cha langoni kikafutwa, na mtu akawa analipia tu kile anachopanda. Mama aliyekuwa na senti chache aliweza kuja na watoto wake kwa tramu, akakaa chini ya miti siku nzima akitazama ziwa, bila kudaiwa chochote. Mimi nimekaa na akina mama wengi wa mjini wasio na mahali pa kupeleka watoto bila kulipa, na ninasema bila kusita kwamba jambo hilo lilikuwa jema na kubwa.

Kwa kuteleza, akina Humphrey walikuwa watu wa kuwekeza hasa. Mwaka 1907 walifungua Elysium, ukumbi wa barafu uliokuwa kati ya kumbi kubwa za ndani za wakati wake, ndani ya jiji, mbali na ziwa. Katika ukumbi wa magurudumu wa Euclid Beach walifunga kinanda kikubwa cha kampuni ya Gavioli ya Paris, kinanda cha mabomba kilichojipiga chenyewe na kujaza ukumbi mzima. Hicho ndicho yule bibi yangu anachokisikia bado usiku.

Sasa tufike mlangoni.

Weusi hawakukatazwa Euclid Beach moja kwa moja. Waliruhusiwa kwa siku maalumu, waliruhusiwa kupanda vyombo, waliruhusiwa kutumia fedha zao. Walichokatazwa ni vitu vitatu: kuoga na Wazungu, kucheza dansi na Wazungu, na kuteleza na Wazungu. Ukivitazama vitatu hivyo utaona vinafanana. Kwenye Thriller kila mtu amefungwa kwenye kiti chake, anapiga kelele zake, dakika chache anashuka na kwenda zake. Kwenye farasi wa kuzunguka kila mtoto ana farasi wake. Lakini majini, kwenye dansi na kwenye sakafu ya maple, watu hugusana. Mtu akiyumba, wa jirani humshika kiwiko. Msichana akianguka, kijana humwinua. Ikitangazwa zamu ya wawili wawili, mkono hunyooshwa, na mkono huo hauulizi kwanza. Wenye bustani walilielewa hilo vizuri, na ndiyo maana waliweka walinzi pale na si kwenye foleni ya bisi.

Hawakuwa na sheria ya kuwaunga mkono. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba ubaguzi wa Marekani ulikuwa wa majimbo ya kusini, ulioandikwa kwenye sheria na kwenye vibao vya milangoni. Ohio ni kaskazini. Bunge la jimbo hili lilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi katika sehemu za umma mwaka 1884, mwaka uleule wa beringi za Richardson. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa mlango wa ukumbi ule ulikuwa ukivunja sheria ya jimbo, mchana kweupe, na polisi wakipita barabarani.

Mwaka 1946 vijana walichoka. Wengine walikuwa wametoka vitani, wamevaa sare ya Marekani Ulaya na Pasifiki, na wakarudi kukuta hawawezi kucheza dansi kwenye ufuko wa jiji lao. Tarehe 23 Agosti kikundi cha watu wapatao 20, weusi kwa weupe, wakiwamo askari waliorudi vitani, kiliingia bustanini pamoja. Walinzi wakakitoa nje, wakieleza bila haya kwamba utaratibu wa pale hauruhusu rangi kuchanganyika. Mabango yakaanza kubebwa langoni. Tarehe 21 Septemba wakaingia wanachama wa CORE, shirika lililoanzishwa Chicago mwaka 1942 kupigania usawa wa rangi bila kutumia nguvu, nao wakaanza kutolewa. Polisi wawili weusi wa jiji, Lynn Coleman na Henry MacKey, walikuwapo pale nje ya zamu. Waliingilia kati. Katika vurumai hiyo na walinzi wa bustani, Coleman akapigwa risasi ya mguu.

Hebu tulia kidogo hapo. Afisa wa polisi wa jiji alipata risasi katika bustani ya kuteleza, kucheza dansi na kula bisi. Meya Thomas Burke alitaka bustani ifungwe, ikafungwa wiki moja kabla ya msimu kwisha. Diwani Charles Carr akapeleka sheria ndogo kwenye baraza la jiji kuzuia ubaguzi katika bustani za burudani, na mwanzoni mwa 1947 ikapita.

Na baada ya sheria kupita? Msimu wa 1947 ulipofunguliwa, ukumbi wa dansi wa Euclid Beach ulikuwa umekabidhiwa klabu binafsi. Klabu ina wanachama wake. Sheria ndogo inahusu umma, na mwanachama si umma. Ukifika mlangoni unaulizwa kadi, na kadi hutaipata.

Mbinu hii ya klabu ndiyo ninayotaka msomaji aishike, kwa sababu haikuwa ya Cleveland peke yake, na haikuwa ya Marekani peke yake. Chicago kulikuwa na bustani iliyoitwa White City, iliyofunguliwa 1905. Vyombo vyake vya burudani vilikufa mapema, ukumbi wa kuteleza ukabaki. Mtaa uliouzunguka ukawa wa weusi, na ndani ya ukumbi wakaendelea kuteleza Wazungu watupu. CORE ilipokwenda mwaka 1942, weusi waliambiwa ni shughuli ya klabu, wanachama tu. Wenzao weupe wa kikundi hichohicho waliingia bila kuulizwa kadi yoyote. Ilichukua hadi 1946, kwa mabango na mahakama, mlango ule kufunguka. Na kwetu Tanganyika, wazee wetu wanakumbuka jinsi klabu za starehe zilivyogawanywa kwa rangi. Gymkhana ya Dar es Salaam wakati wa mkoloni ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika aliyeingia pale aliingia na sinia mkononi. Wahindi walikuwa na za kwao. Hakuna aliyehitaji kuandika neno baya ukutani, kwa sababu daftari la wanachama lilitosha.

Mwanahistoria Victoria Wolcott aliandika kitabu kizima juu ya ubaguzi katika sehemu za burudani za Marekani, kilichotoka mwaka 2012, na Euclid Beach imo. Anaonyesha kwamba mabwawa ya kuogelea, bustani na kumbi za kuteleza vilikuwa uwanja wa mapambano kwa miongo kadhaa, sawa na mabasi na shule. Mimi ninakubaliana naye, na ningeongeza kwamba mapambano ya kumbi yanasahaulika kirahisi kwa sababu yanaonekana ya kitoto. Mtu akisema alinyimwa kura, tunamsikiliza. Akisema alinyimwa kuteleza, tunatabasamu. Lakini mtoto wa miaka kumi hana kura wala kazi. Anachokijua ni ukumbi, na anapozuiwa mlangoni ndipo anapojifunza kwa mara ya kwanza jinsi anavyotazamwa na jiji lake.

Watelezaji wenyewe hawakulichukulia kitoto. Mwezi Agosti 1963 Ledger Smith, mtelezaji wa Chicago aliyeitwa Roller Man, alifunga viatu vyake na kuondoka kwa magurudumu kwenda Washington kuhudhuria maandamano makubwa yaliyoongozwa na akina A. Philip Randolph na Martin Luther King. Ni karibu maili 700. Alifika kwa siku 10, akiwa amevaa kifuani utepe ulioandikwa uhuru. Njiani kuna dereva aliyejaribu kumgonga kwa makusudi. Mwalimu yeyote anayefundisha historia ya maandamano yale angepaswa kumtaja.

Kuna hadithi inayopendwa hapa Cleveland, hasa na watu wa umri fulani, kwamba Euclid Beach iliuawa na kuchanganyika: kwamba weusi walipoanza kuja kwa wingi, familia zikaogopa na bustani ikafa. Nimeisikia kazini, nimeisikia dukani. Ninaikataa. Kilichoiua ni mambo mengi. Tramu ziliondoka na watu wakanunua magari, na mwenye gari aliweza kwenda mbali zaidi. Televisheni iliwabakiza watu nyumbani. Gharama za kutunza rola kosta za mbao zilipanda kila mwaka. Ziwa lenyewe lilichafuka kwa taka za viwanda na maji machafu hadi magazeti ya nchi nzima yakawa yanaliita ziwa lililokufa, na mwezi Juni 1969, miezi mitatu kabla ya bustani kufungwa, Mto Cuyahoga unaomwaga maji yake katika ziwa hilo ulishika moto hapahapa jijini. Mto ulishika moto. Halafu mtu anakuja kuniambia bustani ilikufa kwa sababu ya watoto weusi waliotaka kuteleza. Kama kuna hofu iliyopunguza wateja, basi ni hofu iliyolelewa na uongozi wa bustani yenyewe kwa nusu karne, ulipowafundisha Wazungu kwamba kugusana na mweusi ni hatari inayohitaji mlinzi.

Na mchezo wenyewe haukufa. Kumbi nyingi za Marekani ziliwapa weusi usiku mmoja wa wiki, mara nyingi ule usio na biashara, na katika usiku huo mmoja weusi wakatengeneza sanaa. Chicago wana mtindo wao unaokwenda na muziki wa James Brown, na miji mingine ina mitindo yake, na mtu mjuzi akikutazama nusu mzunguko atakwambia ulijifunzia wapi. Filamu ya hali halisi iitwayo United Skates, iliyotoka 2018, inaonyesha jinsi kumbi hizo zinavyofungwa moja baada ya nyingine, ardhi ikiuzwa kwa maduka na maghala, na jinsi watelezaji wanavyosafiri majimbo kwa majimbo kufuata sakafu zilizobaki.

Niliwahi kuwapeleka vijana wa kanisani kwetu kwenye ukumbi mmoja wa vitongojini. Wengi ni watoto wa familia za Kikongo zilizokuja Ohio kupitia kambi za wakimbizi, na Kiswahili chao ni cha Kivu. Hawakuwahi kuvaa viatu hivyo. Walianguka, wakacheka, wakashika ukuta. Kisha baba mmoja mweusi, mvi kichwani, tumbo limetangulia, aliyekuwa akiteleza kinyumenyume bila hata kutazama nyuma, akaja akawanyooshea mikono miwili. Akawavuta mmoja mmoja hadi katikati. Hakujua Kiswahili nao Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji. Baada ya saa moja walikuwa wanazunguka wenyewe na yeye amekwenda kuwavuta wengine. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini akina Humphrey waliulinda ukumbi ule kuliko Thriller. Ukumbi unafanya watu wafahamiane haraka mno.

Sasa ardhi. Karibu na lile lango, kwenye ardhi iliyokuwa ya bustani ya zamani, kulikuwa na mtaa wa nyumba za kuhamishika, zile nyumba za matrela zinazokaa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2021 shirika la Western Reserve Land Conservancy liliununua mtaa huo. Februari 2023 wakazi wakatangaziwa kwamba utafungwa, na hadi mwaka 2024 unamalizika wakawa wameondoka. Zilikuwa nyumba zaidi ya 100. Baadhi ya wakazi walikuwa wazee, na trela lililozeeka halihamishiki, jina lake tu ndilo linasema linahamishika. Walipewa msaada wa kuhama, hilo lilifanyika, lakini mtu aliyekuwa anaamka na kuliona ziwa dirishani kwa kodi ndogo hatapata tena dirisha kama hilo Cleveland. Mpango ni kuiunganisha ardhi hiyo na bustani ya umma ya ufukweni inayosimamiwa na Cleveland Metroparks tangu 2013, mahali ambapo tayari kuna njia za kutembea na gati lililofunguliwa 2019.

Mimi ninaunga mkono ufuko kuwa wa umma. Nimekulia mahali ambapo watu wenye fedha walikuwa wakijenga kuta hadi majini, na mvuvi akatafuta pa kupitisha mtumbwi wake. Lakini ikiwa watu maskini wameondolewa majumbani kwa ajili ya umma, basi umma huo uwe umma kweli, na mahali hapo pawe na kitu kinachowakutanisha watu. Nyasi na mabenchi havitoshi. Kwenye benchi kila familia inakaa na chakula chake na kuondoka bila kujua jina la jirani.

Ninapendekeza sakafu. Sakafu moja ya saruji laini, iliyosuguliwa vizuri, yenye paa na isiyo na kuta, kando ya ziwa, kwa ajili ya kuteleza. Saruji haina uzuri wa maple, lakini inastahimili mvua na theluji ya hapa. New York wana kipande cha lami ndani ya Central Park ambako watelezaji wa kila rangi na kila umri hukutana kila wikiendi ya kiangazi tangu miaka mingi iliyopita, bila kiingilio, na hakuna anayeulizwa kadi. Gharama ya paa na saruji ni ndogo ukilinganisha na fedha zinazotumika kwenye fukwe hizi. Viatu viazimwe pale kwa kitambulisho cha maktaba. Kinanda cha Gavioli hatutakipata, ila kuna vijana wanaojua kupiga muziki.

Na pale mlangoni, au tuseme pale ambapo mlango ungekuwa, kiwekwe kibao kinachosema habari nzima. Kiseme juu ya bisi za akina Humphrey na lango lisilo na kiingilio. Kiseme kwamba sheria ya Ohio ilikuwapo tangu 1884 na ilivunjwa. Kitaje tarehe 23 Agosti na 21 Septemba 1946, kimtaje Lynn Coleman na risasi yake, kimtaje Diwani Carr, na kieleze mbinu ya klabu. Farasi wa kuzunguka wa mwaka 1910 wamekwisha kukarabatiwa kwa upendo mkubwa na tangu 2014 wanazunguka tena katika jumba la historia la jiji. Nimewapanda na wajukuu wa jirani yangu, ni wazuri mno. Jiji linaloweza kumpaka rangi upya kila farasi wa mbao linaweza pia kuandika aya mbili za ukweli.

Wapo watakaosema tuache kufukua makaburi. Wengine ni watu wema, wazee ninaowapenda, wanaoona kila neno juu ya 1946 kama shutuma dhidi ya ujana wao. Kwao ninasema: hakuna anayewanyang'anya ule mkono ulionyooshwa ilipotangazwa zamu ya wawili wawili. Ulikuwa mkono mzuri. Tunachotaka ni kwamba yule aliyekaa nje akiusikia muziki ule ule naye aandikwe kwamba alikuwapo.

Wasomaji wenzangu mlioko Cleveland, Akron na Columbus, Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi, jambo hili ni letu pia. Watoto wetu ndio watakaotumia ufuko huo kwa miaka 50 ijayo, na wanaotoa maoni juu ya mipango yake mpaka sasa si sisi. Mikutano ya bodi ya Cleveland Metroparks iko wazi kwa umma na mtu yeyote anaruhusiwa kuomba nafasi ya kusema. Nendeni na watoto wenu. Kama Kiingereza kinakusumbua, andika hoja yako kwa Kiswahili, nitaitafsiri na kuisoma kwa jina lako. Na kama una mzee jirani aliyewahi kusimama nje ya ukumbi ule, mwombe aje naye, tutamletea kiti na atasema wa kwanza.